Siku tatu ndani ya maji: tusiziuze kwa mnunuzi



Tunapotembelea kooperative za Kivu ya Kusini, swali moja linarudi kila mara. Mnunuzi amepiga simu: kamyo itafika siku ya posho, anataka gunia za kosete. Lakini mihogo iliingia majini siku ya ine tu. Tungoje, ao tutoe? Wengi wanatoa, juu pesa haingojei. Leo tunapenda kujibu swali hilo, kwani linagusa tumbo, miguu ya watoto wetu, na pia jina la kooperative sokoni.

Nini inafanyika majini?

Mihogo michungu ina ndani yake kitu kinachotoa sumu, jina lake sianuri. Tunapomenya mihogo na kuilowesha, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinaanza kazi. Vinakula sukari ya muhogo na kutoa asidi: ndiyo ile harufu kali wamama wanaijua vizuri. Muhogo unalainika, sumu inafunguka. Sehemu moja inaenda na maji, ingine inapanda hewani wakati wa kuanika. Kwa hiyo kulowesha na kukausha ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Jua peke yake halitoshi.

Siku ngapi? Kule chini kwenye joto, kama bonde la Ruzizi, siku tatu. Huku juu kwenye baridi, ine ao tano. Usihesabu tu, gusa pia: muhogo ulioiva majini unavunjika kwa vidole bila nguvu, na mti wa katikati unatoka wenyewe.

Konzo si uchawi

Mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ulioonekana Kwango, magharibi mwa inchi yetu. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala muzima, kesho miguu yote miwili imekaza. Unashika zaidi watoto na wamama, na mpaka leo hakuna dawa ya kuwarudishia miguu yao. Unatokea pale watu wanapokula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri kwa majuma mengi, na hawana chakula kingine cha kujenga mwili.

Watafiti waliofika Bandundu waliona jambo la kutufundisha. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, biashara ya mihogo ilikua, na watu wakafupisha siku za kulowesha ili kuuza haraka. Barabara ni baraka, lakini haraka ile ilileta ugonjwa nyumbani. Kamyo ya siku ya posho ni hadithi ileile.

Unga ukiwa tayari na una mashaka nao

Usiutupe. Changanya unga na maji mpaka ulowane wote, kisha utandaze mwembamba juu ya sahani pana ao mkeka safi, unene usipite sentimetre moja. Acha saa mbili kwenye jua, ao saa tano kivulini. Sumu iliyobaki itatoka hewani. Upike bugali siku ileile. Na usikule bugali na sombe tupu kila siku: maharagi, sambaza ao ndakala vinausaidia mwili kupigana na sumu iliyobaki.

Na mashanza?

Vijidudu vya bugali vinakufa kwenye nyungu, ila kazi yao inabaki. Vya mashanza vinaingia tumboni vikiwa vizima. Tena vimekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Ndiyo sababu mtu anayevimba tumbo akinywa maziwa mabichi, mara nyingi anavumilia mashanza.

Lakini uchachu hauui kila ugonjwa. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba kifua kikuu na bruselozi, hata yakiganda. Chemsha kwanza. Ngoja yapoe mpaka yawe vuguvugu, kama maji ya kuogesha mtoto. Tia vijiko viwili vya mashanza mazuri ya jana kwa litre moja, funika, weka mahali pa joto, usitikise mpaka kesho yake. Chombo kioshwe kwa maji ya moto. Ukiona rangi ingine ao ukungu, mwaga. Na kama ng'ombe alipigwa sindano ya antibiotiki, ngoja siku zote daktari wa mifugo alizosema. Maziwa yake hayafai kunywa, na mara nyingi hata kuganda hayagandi.

Mashanza ni chakula, si dawa ya kolera. Mtoto akihara sana, mupe maji ya seromu na mukimbize kwenye kituo cha afya.

Basi, tumjibu nini mnunuzi?

Tunawashauri mambo matatu. Andikeni kwa choki, karibu na kila pipa, siku mihogo ilipoingia majini. Mchagueni mtu mmoja wa kusema "imeiva" kabla ya kutoa. Na mkipatana bei na mnunuzi, patana naye pia tarehe, ili siku tatu zisiwe deni la mkulima peke yake. Akisema anaweza kununua kwa jirani asiyengoja, mkumbusheni kwamba bugali ule utaliwa na watoto, pengine hata wa kwake.