Uvimbe umesinyaa, saratani inarudi ikitokea wapi?

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama dawa imemaliza uvimbe, saratani inarudi ikitokea wapi?" Swali zito kuliko mengi tunayoulizana huku chuoni.

Jibu mojawapo, ingawa si kwa saratani zote, ni seli shina za saratani. Seli shina za kawaida tunazo sote. Za kwenye uboho ndizo zinazotutengenezea damu. Sasa, ndani ya baadhi ya uvimbe kuna seli zenye tabia hiyohiyo: zinajizalisha na kuzaa zile nyingine. Dawa nyingi za kemo huwinda seli zinazogawanyika haraka, lakini hizi zinaweza kutulia tuli, na baadhi zina pampu za kuitema dawa nje. Aliyelima shamba lenye ndago ananielewa: unafyeka majani, vitunguu vyake viko chini vinasubiri mvua.

Mwaka 1994 John Dick na wenzake wa Toronto walizionyesha kwenye saratani kali ya damu. Mwaka 2003 timu ya Michael Clarke, Chuo Kikuu cha Michigan, ikageukia saratani ya matiti. Walichambua seli kwa protini za juu yake, CD44 na CD24. Seli kama 100 za kundi moja ziliotesha uvimbe kwa panya. Makumi ya maelfu ya kundi lingine hayakuotesha kitu!

Hapo ndipo picha inapoingia. Kipimo cha CT kinatuambia ukubwa wa uvimbe, hakituambii seli zilizobaki ni za aina gani. Ndiyo maana mtu aliyeambiwa "umepungua" bado anapangiwa kliniki, na kuziacha ni hatari. Watafiti wanachukua kingamwili inayonasa CD44 au CD133, wanaifunga kiini cha mionzi au rangi inayong'aa, kisha kamera inaonyesha ilikojikusanya. Kwa panya inawezekana. Kingamwili hiyo inaweza pia kubebeshwa sumu.

Ila CD44 iko hata kwenye seli nyingi zenye afya, kwa hiyo sumu inaweza kukosea nyumba. Tena mwaka 2008 timu ya Sean Morrison ilitumia panya wenye kinga dhaifu zaidi, na karibu seli moja kati ya nne za melanoma, saratani ya ngozi, ikaotesha uvimbe. Hapo huwezi kusema ni chache. Isitoshe, seli ya kawaida ya saratani yaweza kugeuka ikawa shina, hivyo kuzilenga shina peke yake hakutoshi.