KONGO NA MEDAYI YA OLIMPIKI: TUNAKOSA NINI?



Juma lililopita, kiisha etidi ya usiku, kulitokea mabishano makubwa mu dortwari ya wavulana. Mumoja aliuliza: «Sisi batu zaidi ya milioni mia, namna gani hatuna hata medayi moja ya Olimpiki?» Mwingine akajibu kwamba ni uchawi. Wa tatu akasema ni njaa. Sisi makapita tulizima taa, lakini ulizo lile halikuzimika. Tumetafuta, na leo tunawaeleza yale tuliyopata.

1. Tulianza lini?

Inchi yetu iliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1968, kule Mexico. Walikwenda wanaume watano, wote wa muchezo wa kinga. Kiisha pale tulikosa mara tatu: 1972, 1976 na 1980. Tulirudi mwaka 1984 kule Los Angeles, kwa jina la Zaire, na tangu pale hatujakosa tena hata mara moja. Mwaka 1996, kule Atlanta, wadada wetu wa basketi walifika. Walipigwa mu kila muchezo, lakini mumoja wao, Mwadi Mabika, muzaliwa wa Kinshasa, aliendelea Marekani na kuwa shampio pamoja na timu ya Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002.

Mpaka Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, medayi hakuna. Si zahabu, si feza, si shaba.

2. Mutu anaingiaje Olimpiki?

Wengi wetu tunafikiri Leta inachagua tu watu na kuwapandisha ndege. Si vile. Kuna milango miwili.

Mulango wa kwanza ni wa nguvu. Kila muchezo una kipimo chake. Kwa Paris, mwanaume wa mita 100 aliombwa sekunde 10.00, na mwanamuke 11.07. Mwanaume wa mita 5,000 aliombwa dakika 13 na sekunde 5. Mu ngumi na judo hakuna saa: unashindana kwanza na watu wa Afrika na wa dunia, na wanaoshinda njo wanapita.

Mulango wa pili ni wa neema. Inchi isiyo na mukimbiaji aliyefikia kipimo inapewa nafasi ya kutuma mumoja, ili mataifa yote yaonekane. Hii ni jambo zuri. Lakini mutu aliyeingia kwa mulango huu anakutana na watu waliojitayarisha miaka mingi, na mara nyingi anarudi siku ile ile ya kwanza. Paris ilikusanya wachezaji zaidi ya 10,000. Sisi tulikuwa na watu wasiofika 10. Kuvua samaki ukiwa na ndoano moja, utaleta nini nyumbani?

3. Wingi wa watu si kitu

Angalieni majirani. Burundi, inchi ndogo, iliingia mara ya kwanza mwaka 1996, na Vénuste Niyongabo akaleta zahabu ya mita 5,000. Uganda ilipata zahabu mwaka 1972 kwa miguu ya John Akii-Bua. Tanzania ilipata medayi mbili za feza mwaka 1980, kwa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Zambia, tunayopakana nayo sisi watu wa Katanga, ilipata shaba ya mita 400 kule Paris kwa Muzala Samukonga. Na mwanamuke aliyeshinda mita 100 kule Paris, Julien Alfred, anatoka Saint Lucia, kisiwa chenye watu wasiofika laki mbili!

Basi siri iko wapi? Tunaona iko mu mashule. Kule Kenya, michezo ya mashule inapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa lote, na kila mwaka. Mu muji wa Iten kuna shule ya misioni, St Patrick's. Mwaka 1976 alifika pale mwalimu mumoja wa jiografia toka Ireland, Frère Colm O'Connell. Hakuwa fundi wa mbio. Alianza kwa kuwaangalia wanafunzi na kuwauliza. Mwaka 1988 mwanafunzi wa zamani wa shule ile, Peter Rono, alipata zahabu ya mita 1,500. Wandugu, ni mwalimu wa jiografia!

4. Waliotangulia

Msiseme Wakongomani hawana moyo. Popole Misenga wa Bukavu alikimbia vita akiwa mutoto na kuzunguka peke yake mu pori. Alifundishwa judo Kinshasa. Mwaka 2013 alifika Rio, Brazil, pamoja na Yolande Mabika kwa mashindano ya dunia. Walilalamika kwamba hawakupewa hata chakula cha kutosha, nao wakabaki kule kama wakimbizi. Mwaka 2016 wote wawili walishindana mu timu ya Wakimbizi. Popole alimupiga Avtar Singh wa Uhindi kabla ya kuanguka kwa shampio wa dunia toka Korea Kusini. Uwanja wote ulisimama kwa ajili yake. Sisi tulifurahi, lakini tulisikia uchungu pia: mutoto wetu alishinda, lakini si chini ya bendera yetu.

Na kule Paris, dada Marcelat Sakobi Matshu alipigwa ngumi na Muuzbeki. Mbele ya kutoka ulingoni alifunika kinywa kwa mukono mumoja na kuweka vidole viwili vya mukono mwingine kichwani, sawa bunduki. Alitaka dunia ijue kwamba ndugu zetu wa Mashariki wanakufa na watu wananyamaza. Alikosa medayi, lakini hakutoka bure.

5. Matumaini

Olimpiki inayofuata ni ya Los Angeles, Julai 2028. Tunaona nafasi yetu ni ngumi, judo na taekwondo, michezo isiyoomba vyombo vya bei kali. Mu mbio tutangoja. Mbele ya ile, Olimpiki ya vijana imepangwa Dakar mu mwisho wa mwaka 2026. Ni ya watoto mpaka miaka 17, na ni mara ya kwanza kuja Afrika. Miaka 17! Si umri wa wanafunzi wa tatu na wa ine hapa kwetu?

6. Na sisi wa Kamina?

Sasa tuseme ukweli. Munakumbuka mashindano ya madarasa ya mwaka jana? Dada mumoja wa wa ine alikimbia bila viatu na kuwapita wavulana wote, isipokuwa wawili. Tulipiga makofi, tulicheka wavulana, tukaenda kula. Hakuna aliyeshika saa. Hakuna aliyepima njia. Mwaka huu feza ya shule ilikosekana, na dada yule anauzisha unga sokoni pamoja na mama yake. Leo mutu akituuliza, «Alikimbia kwa sekunde ngapi?», tutajibu nini? Tulimupoteza mara mbili.

Kwa hiyo sisi makapita tumeomba ruhusa kwa Baba Prefe, na amekubali. Jumamosi tutapima mita 100 mu kiwanja kwa kamba ya mwalimu wa hesabu. Telefone moja itashika saa. Daftari moja itaandika jina, darasa, tarehe na sekunde za kila mutu, wavulana na wasichana. Tena tutakwenda kumwita dada yule aje kukimbia, hata kama hayuko tena mwanafunzi.

Daftari haitaleta medayi. Lakini mutu asiyeandikwa hawezi kutafutwa. Mukuje wote, saa mbili ya asubuhi. Viatu si lazima.

Kwa jina la makapita,
Kapita mukubwa, darasa la sita