Faili la Dereva Mlevi

Ruwi, nchini Oman, ina hoteli zenye baa za kibali, na mitaa ya maduka ambako watu hutembea kwa miguu hadi usiku mkubwa. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi usiku ndio wa kutoka. Dereva akikamatwa amelewa, jamaa zake huwa na kauli moja: "Huyu si mhalifu, kanywa tu." Wanasema kweli?

Kwa wengi, ndiyo. Lakini mwaka 1964 mwanasosholojia T. C. Willett, katika kitabu chake "Criminal on the Road", aliwafuatilia madereva wa Uingereza waliotiwa hatiani kwa makosa mazito, akakuta si haba waliokuwa na makosa mengine yasiyohusu barabara hata kidogo. Utafiti wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo uliotoka mwaka 2000 ulikwenda mbali zaidi. Aliyeendesha huku amenyang'anywa leseni alikuwa na rekodi inayokaribiana na ya mhalifu wa kawaida. Mlevi alikaa katikati, kati ya huyo na raia asiye na doa.

Wanazuoni wa uhalifu wa Kimarekani, Gottfredson na Hirschi, walitoa maelezo yao mwaka 1990: mtu asiyeweza kujizuia leo kwa ajili ya kesho huiba, hupigana, na huendesha akiwa amelewa, vyote kutoka chanzo kimoja. Nadharia nzuri, ila inaipunguzia pombe lawama mno. Pombe humlegeza hata aliyezoea kujizuia, na mwili huitoa polepole, kwa wastani wa miligramu kumi na tano hivi katika kila mililita mia za damu kwa saa. Kahawa haiharakishi lolote.

Tena kuna uhalifu unaozaliwa na hofu. Mgeni wa kazi anayeogopa kupoteza ukaazi, au Mwislamu anayeogopa aibu ya ukoo, akigonga mtu hushawishika kukimbia. Hapo kosa la kunywa limeshazaa kosa jingine, pengine zito kuliko la kwanza, na aliyelitenda hakuwa na rekodi yoyote jana.

Ndiyo maana kipimo cha pumzi peke yake huniambia machache. Ningeuliza kwanza kama leseni ilikwishazuiwa, halafu kama baada ya kugonga alisimama.