Sekunde 30 Kabla ya Kitufe

Januari 2017, kwenye uchochoro mmoja wa Baltimore, Marekani, askari polisi alichomeka kifuko cha dawa za kulevya ndani ya kopo lililotupwa kwenye takataka. Akatoka hadi barabarani, wenzake wawili wakiwa karibu, akabonyeza kitufe cha kamera iliyokuwa kifuani pake, kisha akarudi uchochoroni na kuanza kupekua. Haukupita muda, akaliokota lile kopo na kukitoa kifuko. Kwa ushahidi huo mtu mmoja alisota rumande kwa miezi.

Askari yule hakukumbuka kwamba kamera yake ilikuwa macho kabla hajaibonyeza. Kamera za aina ile hunasa picha mfululizo na kuzifuta zenyewe, zikibakiza sekunde 30 za mwisho tu. Kitufe kikibonyezwa, sekunde hizo huhifadhiwa pamoja na yote yanayofuata, ila hazina sauti. Ndizo zilizomwonyesha akificha alichokuja baadaye "kukigundua". Julai kesi ilifutwa na mawakili wa utetezi wakaitoa video hiyo hadharani, na mwaka 2018 mahakama ikamtia askari hatiani kwa kughushi ushahidi.

Wanaozisifu kamera za kifuani hupenda kukitaja kisa hiki. Mimi kinanitia hofu. Ukweli ulitoka katika sekunde ambazo askari hakuwa na mamlaka nazo. Zile alizozirekodi kwa hiari yake zilisimulia uongo, tena kwa picha safi.

Imani kubwa juu ya kamera hizi ilianzia Rialto, mji mdogo wa California. Mwaka 2012 mkuu wa polisi wa huko, Tony Farrar, alishirikiana na Barak Ariel wa Chuo Kikuu cha Cambridge kufanya jaribio lililokuwa rahisi kulielewa: zamu za doria, jumla yake 988, zilipigiwa kura, karibu nusu yake askari wakavaa kamera na nusu nyingine wasivae. Kwenye zamu zenye kamera, matumizi ya nguvu yalikuwa takriban nusu ya yale ya zamu nyingine. Malalamiko ya raia yalishuka kwa karibu asilimia 90 yakilinganishwa na ya mwaka uliotangulia. Kijana Michael Brown alipouawa kwa risasi ya polisi huko Ferguson mwaka 2014, takwimu za Rialto zilikuwa tayari mikononi mwa wanasiasa, na serikali ya Barack Obama ikapendekeza dola milioni 75 za kusaidia kununua kamera 50,000.

Kisha likaja jaribio la Washington. Askari 2,224 waligawanywa kwa kura, wenye kamera na wasio nazo, wakafuatiliwa kwa miezi mingi. Matokeo yalipotangazwa Oktoba 2017, hapakuonekana tofauti ya kutegemewa, si katika matumizi ya nguvu wala katika malalamiko. Mwaka 2020 mtafiti Cynthia Lum na wenzake walizichambua tafiti 30 kwa pamoja, wakakuta malalamiko hupungua kiasi, lakini nguvu haipungui kwa uhakika. Na hata hayo malalamiko: je, askari wamekuwa waungwana, au raia ameona hana pa kushika?

Ariel mwenyewe alirudi kwenye takwimu za majaribio kumi, akauliza nani alikuwa anaamua kamera iwake lini. Askari walipofuata kanuni, yaani kuwasha tangu mwanzo na kumwambia raia kuwa anarekodiwa, nguvu ilipungua kwa asilimia 37. Walipojiamulia wenyewe, iliongezeka kwa asilimia 71. Ukimwambia mtu mapema kwamba anarekodiwa, yeye na askari wote wawili hujirudi. Ukimwashia kamera katikati ya ugomvi, ataiona kama silaha nyingine iliyochomolewa. Jimbo la São Paulo, Brazil, lilipowavisha baadhi ya vikosi kamera zinazorekodi zamu nzima bila kusubiri kitufe, utafiti wa taasisi ya Fundação Getulio Vargas ulikadiria kwamba vifo vilivyosababishwa na polisi vilipungua kwa asilimia 57 kwenye vikosi hivyo.

Jicho la kifuani lenyewe pia lina upande. Linamtazama raia; aliyelivaa haonekani, isipokuwa mikono yake. Mwaka 2019 mtafiti Broderick Turner na wenzake waliwaonyesha watu tukio lilelile likiwa limepigwa kutoka kifuani na kutoka kwenye dashibodi ya gari. Walioliona kutoka kifuani waliamini zaidi kwamba askari hakukusudia.

Halafu kuna mwenye ufunguo wa kabati. Mjini Chicago, video ya kamera ya gari ikimwonyesha kijana Laquan McDonald akipigwa na polisi risasi 16 ilifichwa miezi 13, hadi jaji alipoamuru itolewe. Mjini Minneapolis, Mei 2020, polisi walitangaza kwamba George Floyd, aliyefia mikononi mwao, alipatwa na tatizo la kiafya. Askari waliokuwa naye walivaa kamera. Dunia iliujua ukweli kupitia simu ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama kando ya barabara. Picha za kamera za askari hazikusambaa kwa umma hadi Agosti.

Nasikia wenzetu wengi Afrika Mashariki wakizililia kamera hizi, na ninakijua kilio hicho kinatoka wapi. Ila nawaomba, kabla ya bei, waulize picha zitalala kwa nani. Juni 2025 Mkenya Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. Kamera za kituo zilikuwepo. Wachunguzi wa mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, walipofika kutafuta picha, walikuta mtambo wa kuzihifadhi umechezewa.