MOTO USIO NA KUNI

Nguvu ya atomu ni nini, nayo imekwisha kutufikia kwa njia gani?

Kila moto hula. Mama wa Migato, mkoani Simiyu, hahitaji mwalimu wa kumweleza jambo hilo. Kuni zikiadimika, huokota mabua na mashina makavu ya pamba. Nayo yakiisha, moto huzimika na ugali haujaiva. Lakini juu ya uwanja huo huo ambako pamba imeanikwa, upo moto mwingine ambao haujapata kuongezewa ukuni hata mmoja. Jua limewaka kwa muda wa miaka ipatayo bilioni nne na nusu. Mtoto akiuliza, "Mama, jua linakula nini?" asikemewe. Wataalamu wa dunia walipata jibu la hakika katika karne ya ishirini tu, na jibu hilo ndilo ufunguo wa kuielewa nguvu ya atomu.

Kiini cha atomu

Kila kitu, kiwe jiwe, pamba au damu ya mwanadamu, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini, ambacho nacho kwa kawaida kimefanywa kwa chembe ziitwazo protoni na nyutroni, zilizoshikamana kwa nguvu kubwa sana. Moto wa jikoni haukigusi kiini hicho. Hubadilisha tu namna atomu zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Nguvu ya nyuklia hutoka ndani ya kiini chenyewe, nayo hupatikana kwa njia mbili: kupasua viini vikubwa, au kuunganisha viini vidogo. Katika njia zote mbili, vitu vinavyopatikana mwishoni huwa na uzito uliopungua kidogo kuliko vile vya mwanzo. Kilichopungua hakikupotea, bali kimegeuka kuwa nishati. Albert Einstein aliieleza kanuni hiyo mwaka 1905.

Kupasua

Njia ya kupasua iligunduliwa Berlin, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1938 na Otto Hahn na Fritz Strassmann. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza maana yake mapema mwaka uliofuata. Nyutroni ikigonga kiini cha madini ya urani ya aina ya 235, kiini hicho hupasuka vipande viwili, na nyutroni nyingine mbili au tatu huruka nje. Hizo nazo huweza kupasua viini vingine.

Mambo huenda kama habari kijijini. Mtu mmoja akiwaambia wawili, na kila mmoja wao akawaambia wawili wengine, katika hatua ya kumi wanaoipokea ni zaidi ya elfu moja. Habari hiyo isipozuiwa, kijiji kizima hutaharuki kwa mara moja: hilo ndilo bomu. Ikidhibitiwa ili kila mtu amwambie mmoja tu, huenda kwa utulivu siku zote: hicho ndicho kinu cha nyuklia, ambamo fito maalumu hunyonya nyutroni za ziada. Joto lake huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo ya umeme. Kilo moja ya urani 235 ikipasuka yote hutoa joto linaloshinda lile la tani 2,000 za makaa ya mawe.

Kinu cha kwanza kiliwashwa Chicago, Marekani, tarehe 2 Desemba 1942, chini ya uongozi wa Enrico Fermi. Kwa masikitiko, bomu lilitangulia umeme. Tena Afrika ilihusishwa bila kuulizwa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa Hiroshima, Japani. Hadi kumalizika kwa mwaka huo, waliokufa katika mji huo walikadiriwa kufikia 140,000. Tangu hapo, watu wengi wakisikia neno nyuklia huona moto na vifo tu.

Kuunganisha

Sasa turudi kwa mtoto wa Migato. Jua linakula haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote. Katika kitovu chake, penye joto la digrii zipatazo milioni 15, viini vya haidrojeni husukumana hata vikaungana na kuwa heliamu. Kila sekunde, tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni hugeuzwa hivyo, na tani kama milioni nne huwa nishati. Mwanga wake hutufikia baada ya dakika nane na ushei, ukakausha pamba na kukuza mtama.

Binadamu ameiga njia hii katika bomu la haidrojeni, lakini kuifanya izalishe umeme kumemshinda mpaka sasa. Mwezi Desemba 2022, maabara moja ya California ilipata kwa mara ya kwanza nishati nyingi kuliko ile ya miale iliyochoma haidrojeni. Hata hivyo, mitambo ya kutengeneza miale hiyo ilikula umeme mwingi zaidi ya faida iliyopatikana. Safari bado ni ndefu.

Mionzi inayoponya

Ndugu msomaji, usidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Ndani ya vinu vya nyuklia, nyutroni huelekezwa kwenye madini ya kobalti, nayo hugeuka kuwa kobalti 60 yenye kutoa mionzi mikali. Kwa miaka mingi mionzi hiyo imetumika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kuua chembe za saratani. Na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupata tiba ya mionzi katika hospitali ya Bugando, Mwanza.

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, nayo hutibika vema ikiwahiwa. Mama anayeambiwa kwamba atachomwa kwa mionzi, kisha akakumbuka Hiroshima, aweza kukimbia hospitali na kurudi wakati tiba haiwezi tena kumwokoa. Basi na ajulishwe ukweli: mionzi inayotoka katika mashine nje ya mwili haibaki mwilini mashine ikizimwa. Mama huyo akirudi nyumbani aweza kupika, kula na watu wake na kumpakata mwanawe bila kumdhuru.

Mfugaji naye ana somo lake. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wetu tunavyomwita, alikuwa akiua ng'ombe wa Unguja kwa ugonjwa wa nagana. Kuanzia mwaka 1994, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yalifanywa tasa kwa mionzi, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Kwa kuwa jike kwa kawaida hupandana mara moja tu, aliyempata dume tasa hakuzaa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimeepukana naye.

Hofu na maarifa

Nchi yetu nayo ina urani, hasa katika eneo la Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Kwa ajili ya machimbo hayo, mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulibadilishwa. Wananchi wana haki ya kuuliza maji yatalindwaje, na mabaki yatawekwa wapi. Ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 zimeonyesha kwamba uzembe katika kazi hii hauna msamaha. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ili kusimamia matumizi ya mionzi.

Hofu si aibu. Ndiyo inayotufanya tusimwachie mtoto kiberiti. Lakini hatukuacha kupika kwa sababu moto huunguza nyumba. Tulijifunza mafiga yawekwe wapi, na nani aukoke. Nguvu ya atomu nayo yataka hivyo hivyo, na somo hilo laweza kuanza jioni yoyote pale uwanjani, wakati pamba inapokusanywa na mtoto anapolinyoshea jua kidole na kuuliza.