Meza ya kujazia risasi

Msikilizaji mmoja ameniandikia barua yenye swali ambalo naona linafaa kujibiwa mbele ya wote. Anasema ana jamaa yake anayeishi Marekani, na jamaa huyo amemletea picha ya meza iliyoko katika chumba cha chini ya nyumba ya jirani yake. Juu ya meza hiyo kumepangwa maganda ya risasi safu kwa safu, kama vikombe vya kahawa kwenye karamu ya harusi. Anauliza: je, ni kweli kwamba huko raia wa kawaida hujitengenezea risasi nyumbani? Na kama ni kweli, mbona nyumba zao hazilipuki kila siku?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Ndiyo, ni kweli, tena ni halali. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inamtaka leseni yule anayetengeneza risasi kwa biashara. Anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe serikali kuu haimtaki leseni hiyo, ingawa majimbo nayo yana masharti yao. Huku kwetu mambo ni mengine kabisa. Kenya na Tanzania, kukutwa na hata risasi moja bila leseni ni kosa la kukufikisha mahakamani, achilia mbali kujitengenezea. Kwa hiyo haya nayaeleza ili tujue wenzetu wanafanya nini na wanaogopa nini, si ili mtu aamke kesho akatafute mbao.

Swali la pili ndilo lenye mambo. Lakini kabla hatujalijibu, tuelewane juu ya neno lenyewe. Kiswahili kimelibebesha neno risasi mizigo mitatu. Risasi ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Risasi vile vile ni kile kipande kinachoruka na kwenda kupiga. Na risasi pia ni kitu kizima unachokitia kwenye bunduki. Neno tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao lilianza kwa maana ya madini. Ili tusichanganyikiwe, leo kile kinachoruka nitakiita kichwa. Kichwa hukaa kwenye mdomo wa ganda, na ganda ni kikopo chembamba cha shaba iliyochanganywa na zinki. Ndani ya ganda mna baruti. Chini kabisa, katikati ya tako la ganda, kuna fataki, kijikofia kidogo ambacho hulipuka kikigongwa na kuiwasha baruti.

Bunduki ikishapigwa, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda ndilo linalobaki, na ganda ndilo lenye gharama. Mtu mwenye akili ya kuhesabu shilingi akiliangalia ganda tupu hujiuliza mbona alitupe. Hapo ndipo kazi hii ilipozaliwa. Wawindaji wa nyati wa Marekani, katika miaka ya 1870, walikaa nyikani miezi mingi mbali na duka lolote, wakijaza maganda yao jioni kando ya moto wa kambi. Mwaka 1884 John Barlow wa Connecticut alianzisha kampuni iliyouza koleo la mkono la kufanyia kazi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi lilibaki na baruti nyingi lisizozihitaji, na mfanyabiashara mmoja wa Kansas, Bruce Hodgdon, akazinunua na kuwauzia watu wa kawaida kwa bei rahisi. Tangu hapo kazi ya nyikani ikahamia nyumbani.

Wengi huanza kwa ajili ya fedha. Wengine huanza kwa ajili ya shabaha, maana kila bunduki ina tabia yake, na mtu akiipimia baruti inayoipenda hupiga vizuri kuliko kwa risasi za dukani. Mwaka 2020 risasi zilipoadimika madukani huko Marekani, wengine walianza kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, wakakuta kwamba fataki nazo zimeadimika vivyo hivyo. Wapo pia wanaofanya kwa mapenzi tu. Katika jimbo la Pennsylvania, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni jambo kubwa hata baadhi ya shule hufungwa, mtu hujaza risasi zake ishirini tangu miezi ya joto, na akimwangusha kulungu mmoja kwa risasi aliyoijaza mwenyewe atasimulia mpaka mwaka mwingine.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe. Meza ya chakula haifai, na nitasema kwa nini baadaye. Inayotakiwa ni meza nzito, ya mbao nene, yenye plaiwudi ngumu juu yake, na ifungwe kwa bolti kwenye nguzo za ukuta. Uzito huo una sababu. Juu yake hufungwa mashine ya mkono ambayo wenyewe huiita presi. Presi ina wenzo mrefu; ukiuvuta chini, ganda husukumwa juu kwa nguvu na kuingia ndani ya kalibu ya chuma. Ganda lililopigwa huwa limevimba kwa joto na nguvu ya mlipuko, na kalibu hulibana mpaka lirudi umbo lake, huku sindano iliyo katikati ikiitoa fataki iliyokufa. Kama meza inayumba, wenzo nao unayumba, na mkono hauwezi tena kuhisi tofauti kati ya ganda zima na ganda lenye ufa. Kwa sababu hiyo presi hufungwa juu ya mguu wa meza au karibu nao, si katikati ya ubao ambapo patanesa.

Ukingo wa meza huwekwa kijibao chembamba ili fataki zisibingirike na kuanguka sakafuni. Taa iwe kali na itokee mbele, ili mtu asijizibie mwanga kwa kichwa chake mwenyewe. Mizani iwekwe pembeni, sawasawa kabisa, mbali na feni na dirisha, kwani pumzi ya mtu tu inatosha kuiyumbisha. Mizani hiyo hupima kwa greni, kipimo cha kale kilichotokana na uzito wa punje ya nafaka. Ratili moja ina greni 7,000, na mizani ya meza hii inatakiwa isome sehemu ya kumi ya greni moja. Zulia sakafuni halifai, maana baruti ikimwagika hujificha humo. Na ikimwagika hufagiliwa kwa brashi na kizoleo. Mashine ya umeme ya kufyonza vumbi ina mota ndani, na mota hutoa cheche. Kadhalika meza isiwe karibu na tangi la kuchemshia maji kwa gesi, ambalo katika nyumba nyingi za huko liko chumba kile kile cha chini.

Mbona basi nyumba hazilipuki? Baruti ya siku hizi si ile baruti nyeusi ya magobore. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, na tabia yake ni kwamba ikiwa wazi huungua kwa moto mkali na wa haraka, lakini hailipuki. Ili ilipuke inahitaji kubanwa. Ndani ya ganda, kadiri inavyobanwa ndivyo inavyoungua kwa kasi, na kadiri inavyoungua ndivyo inavyozidi kujibana. Bunduki ya kuwindia kulungu ya aina iitwayo .30-06 hufikia mgandamizo wa hadi ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa ratili 30 hivi. Fanya hesabu mwenyewe.

Na hii ndiyo sababu kanuni za moto za Marekani zinaeleza jambo ambalo mgeni angeliona la kinyume. Zinaruhusu ratili 20 za baruti hiyo nyumbani katika makopo yake ya asili, na zikizidi hapo mpaka 50 ziwekwe ndani ya sanduku la mbao la unene wa inchi moja hivi. Mbao, si chuma. Kasha zito la chuma lililofungwa kwa kufuli lingefanya kazi ile ile ya ganda: nyumba ikishika moto, lingeibana baruti na kuigeuza bomu. Mbao hukawiza moto, kisha huachia. Fataki nazo mwisho wake ni 10,000, na hukaa katika vitrei vyake kila moja na shimo lake. Mtu akizimimina zote ndani ya chupa kwa ajili ya kuokoa nafasi, moja ikilipuka zitalipuka zote.

Kwa hiyo hatari ya moto ipo, lakini imewekewa mipaka. Hatari iliyo kubwa hasa haina moshi wala cheche. Ni mtu kusahau.

Chukua mfano wa risasi ya bastola iitwayo .38 Special. Ilitoka karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, na ganda lake lilipimwa kwa baruti nyeusi, ambayo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti ya sasa ina nguvu zaidi, hivyo inayowekwa ni kidogo tu, inafunika tako la ganda na juu yake nafasi inabaki tupu. Mtu ameketi mezani, ametia baruti kwenye ganda la ishirini na tatu. Simu inalia, au mtoto anaita kutoka juu. Anarudi, anatia baruti kwenye ganda lile lile la ishirini na tatu kwa mara ya pili. Haikumwagika, nafasi ilikuwapo. Anaweka kichwa juu yake, na kwa nje risasi hiyo inafanana kabisa na wenzake arobaini na tisa. Itakapopigwa, bastola inaweza kupasuka mkononi. Vidole na macho ndivyo vinavyolipa, na wakati mwingine si vya mwenyewe bali vya aliyesimama jirani yake kwenye uwanja wa shabaha.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo, nalo ni kuliruka ganda. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Mpigaji anasikia mlio hafifu, anadhani risasi mbovu, anapiga nyingine. Hiyo ya pili inakuta njia imezibwa.

Ukishalijua hili, utaiona meza ile kwa jicho jingine. Kile kibao chenye matundu 50 si pambo. Maganda yasiyo na baruti husimama humo midomo ikiwa chini, na lililojazwa hugeuzwa. Kibao kikijaa, mtu huchukua tochi na kuchungulia ganda moja moja, akitazama kama usawa wa baruti ni ule ule kwa yote, na ndipo kichwa cha kwanza kinapowekwa. Kopo la baruti mezani huwa moja tu. Mengine yote yako rafuni, kwani baruti za aina mbalimbali hufanana kama chumvi na chumvi, ilhali nguvu zake ni mbali mbali. Kitabu cha vipimo hukaa wazi, na kipimo cha mwisho kilichoandikwa humo si mahali pa kuanzia. Mtu huanza chini yake, kwa kawaida sehemu moja ya kumi, na kupanda polepole. Redio huzimwa. (Samahani, ndugu wasikilizaji, lakini ndivyo inavyotakiwa, hata kama ni mimi ninayezungumza.)

Siku hizi ziko presi zinazozunguka, ambazo kila ukivuta wenzo mara moja hutoka risasi kamili. Kwa saa moja mtu aweza kumaliza risasi mia nne na zaidi. Kwa mpigaji wa mashindano ni sawa. Lakini anayeanza, kwa maoni yangu, afadhali ile presi ya polepole, ya kazi moja kwa wakati mmoja, inayomlazimisha kulishika kila ganda mara nne au tano. Kila anapolishika ni nafasi nyingine ya kuona kosa.

Nilisema nitaeleza kwa nini meza ya chakula haifai. Fataki nyingi zina chumvi ya madini ya risasi ndani yake, na vumbi la maganda yaliyopigwa limejaa madini hayo. Vumbi hilo halinuki wala halionekani. Likiingia mwilini mwa mtoto mdogo huharibu ubongo wake taratibu, bila homa wala kelele, na uharibifu huo haurudishwi. Hivyo hakuna kula wala kuvuta sigara kwenye meza hii, mikono huoshwa kabla ya kupanda juu kwa watoto, na chumba hufungwa kwa ufunguo.

Kazi ikiisha, kila boksi hubandikwa kikaratasi: tarehe, aina ya baruti na uzito wake, aina ya kichwa na ya fataki, na hata ganda limejazwa mara ya ngapi, kwa kuwa shaba nayo huchoka. Boksi likipoteza kikaratasi chake, risasi zake hazipigwi. Huvunjwa moja moja kwa nyundo maalumu ya plastiki, isiyogonga fataki bali hukitoa kichwa kwa mshtuko. Baruti yake hutupwa bila kurudishwa kwenye kopo lolote, na maganda hurejea mwanzo wa foleni.