Begi la Dharura: Uweke Nini, Uache Nini?

Ukiambiwa sasa hivi, "Tokeni, mna dakika tano tu," utabeba nini? Wengi hukimbilia redio na godoro. Hebu fikiri tena.

Wewe wa Ngara bila shaka umesikia wazee wakisimulia. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Julai mwaka huohuo wengine wengi zaidi waliingia Goma, Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Huko walikufa watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Walikuwa wameshavuka mpaka salama! Wengi waliuawa na kipindupindu na kuhara damu, kwa kukosa maji safi.

Basi anza na maji. Tafuta dumu la lita 5 lenye kifuniko, lijaze maji yaliyochemshwa, na uyabadilishe mara kwa mara. Ongeza vidonge vya kutibu maji, sabuni, na pakiti za ORS. Huna ORS? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, siyo vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari.

Halafu dawa. Kama unameza ARV, au dawa za kifua kikuu, pumu au kifafa, weka za siku kadhaa pamoja na kadi ya kliniki. Najua bwenini watu wanachungulia. Zifunge kwenye mfuko wa kitambaa. Hakuna anayelazimika kujua kilichomo. Ukikatiza ARV virusi huongezeka, na dawa inaweza kushindwa kufanya kazi baadaye. Kadi itamwonyesha mganga wa kituo kingine unachotumia.

Dada, weka pedi au vitambaa. (Kaka, usicheke, mfungashie na mdogo wako.) Ongeza tochi, kanga, karanga, nakala za vyeti, na namba za simu kwenye karatasi, maana simu huzima.

Begi likae karibu na mlango. Lakini ardhi ikitikisika, kama tarehe 10 Septemba 2016 pale Bukoba, shule za Ihungo na Nyakato zilipobomoka vibaya, usirudi ndani kulifuata.

Na siyo kila hatari hukimbiwa. Marburg ilipozuka Biharamulo Januari 2025, waliogusana na wagonjwa walitakiwa kufuatiliwa siku 21. Ukitorokea kwa shangazi Geita unaweza kumpelekea ugonjwa. Hapo tulia, begi likusaidie palepale ulipo.

Ukimaliza kufunga, libebe pamoja na dumu hadi kisimani na kurudi. Likikushinda, punguza nguo. Maji na dawa usiguse.